Fungueni Kabati, Watoto Wasome

Katika shule nyingi za msingi tunazozitembelea sisi wakutubi, vitabu vya hadithi vipo. Vimepangwa kabatini ofisini kwa mwalimu mkuu, vingine havijawahi kufunuliwa, na ufunguo anao mtu mmoja. Ukiuliza sababu, jibu ni lile lile: vitapotea, na mwalimu aliyekabidhiwa ndiye atakayedaiwa.

Hofu hiyo ina msingi. Ila kitabu kilichochakaa mikononi mwa watoto kimefanya kazi yake. Kilicholiwa na mchwa kabatini hakikumfaa mtu. Kauntabuku moja inatosha: tarehe, jina, darasa, namba ya kitabu, siku ya kurudisha, sahihi. Kazi hiyo wapeni wanafunzi wa darasa la tano na la sita, kwa zamu. Mtoto akidaiwa kitabu na mwenzake mbele ya rafiki zake, hukirudisha upesi. Ukurasa ukichanika, msikimbilie selotepu, maana baada ya muda hugeuka njano na kunatisha kurasa; kipande cha karatasi nyembamba na gundi nyeupe kidogo vinatosha.

Kabati likishafunguliwa, shughuli ya kwanza ninayoishauri haina gharama: usomaji wa sauti. Mwalimu anasoma, watoto wanasikiliza. Hakuna maswali ya ufahamu, hakuna alama. Anza na "Paukwa!" waitikie "Pakawa!", kwa sababu mtoto aliyezoea ngano za bibi yake tayari anajua hadithi inavyokwenda. Waketi wakikuzunguka, kitabu kiwaelekee waone picha. Soma polepole, badili sauti sungura anapomlaghai fisi. Sasa ufundi uko hapa: fisi anapokaribia kutia mguu mtegoni, funga kitabu. Waambie nakala ziko mezani, anayetaka kujua yaliyompata aje aazime. Watalalamika. Waache walalamike.

Mashindano ya nani amesoma vitabu vingi mimi siyapendi. Yanazaa wafunua kurasa, na zawadi huenda kwa wale wale ambao wangesoma hata bila zawadi. Afadhali mtoto asimame dakika mbili kwenye kipindi cha maktaba awaambie wenzake kwa nini kitabu fulani kilimchekesha, au kwa nini alikiacha katikati. Ndiyo, ana haki ya kukiacha.

Vijana wa sekondari ni habari nyingine. Hapa Tanzania, mwanafunzi wa shule ya msingi ya serikali amesoma kwa Kiswahili miaka yote, kisha kidato cha kwanza anakuta masomo karibu yote ni kwa Kiingereza. Kitabu kinageuka mzigo wa mtihani. Katika kipindi hicho maktaba nyingi humwondolea hata zile riwaya za Kiswahili alizokuwa akizifurahia, eti azoee Kiingereza. Tunamnyima starehe ya kusoma wakati anapoihitaji zaidi. Mwekeeni hadithi za upelelezi, za mapenzi yenye staha, magazeti ya michezo, na vitabu vyepesi vya Kiingereza kando yake. Mwalimu anayedharau ukurasa wa Simba na Yanga anasahau kwamba huo nao ni usomaji.

Klabu ya kusoma ya vijana isiongozwe na mwalimu wa nidhamu. Wachague wenyewe kitabu, wabishane. Mdahalo wa kama mhusika mkuu alistahili yaliyomkuta huwavuta hata wasiosoma, na wiki inayofuata utamwona mmoja wao akitafuta hicho kitabu ili asishindwe tena kubisha. Wenye kipaji waandike gazeti la ukutani.

Shule isiyo na vitabu vya kutosha isikae kimya. Bodi ya Huduma za Maktaba, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1963, ina maktaba mikoani, na kuzishauri shule namna ya kuanzisha na kuendesha maktaba ni sehemu ya kazi yake. Nendeni mkaulize.

Jambo la mwisho ni likizo. Shule zinapofunga mwezi Juni na Desemba, kabati nalo hufungwa, wakati huo ndio mtoto ana muda. Wiki ya mwisho ya muhula, azimisheni vitabu viwili viwili, mzazi atie sahihi kwenye kauntabuku siku ya kuchukua matokeo, na kimoja kiwe cha kumsomea mdogo wake nyumbani.