Umakini wa Mtoto Hautokani na Upande Mmoja wa Ubongo

Wazazi wengi wanaoniletea watoto wenye shida ya umakini huja wakiwa wameshaambiwa kwamba mtoto hutumia zaidi upande wa kulia wa ubongo, hivyo akifundishwa kwa picha na rangi atatulia. Dhana hiyo ina chembe ya ukweli, ndiyo maana haifi upesi.

Pande mbili za ubongo kweli hazigawani kazi sawasawa. Miaka ya 1860 daktari Mfaransa Paul Broca alihusisha uwezo wa kutamka maneno na sehemu ya mbele ya upande wa kushoto, na Roger Sperry alitunukiwa Nobel mwaka 1981 kwa uchunguzi uliowahusu wagonjwa wa kifafa waliokatwa nyuzi za neva zinazounganisha pande hizo. Mtoto wako, hata hivyo, hajakatwa nyuzi hizo, na pande zake zote mbili hupashana habari muda wote. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Utah, walipochambua picha za ubongo wa watu zaidi ya 1,000 mwaka 2013, hawakuona dalili ya watu kutawaliwa na upande mmoja.

Tena upande wa kulia, unaosemekana kumzidi nguvu mtoto huyu, ndio unaobeba sehemu kubwa ya kazi ya kudumisha umakini kwenye jambo na kuzuia tendo lililokwisha kuanza. Ungekuwa na nguvu kupita kiasi, tungetarajia atulie kuliko wenzake!

Ninaloliona mimi kuwa na uzito zaidi ni ukomavu. Utafiti wa Marekani wa mwaka 2007 ulionyesha kwamba gamba la ubongo, yaani tabaka lake la nje, la watoto wenye shida ya umakini hufikia kilele cha unene wake wakiwa na takriban miaka 10.5, ilhali kwa wengine ni 7.5, na ucheleweshaji huo huonekana hasa sehemu za mbele, ambazo husaidia kupanga, kujizuia na kushikilia maagizo akilini. Mwalimu akisema kwa mkupuo mmoja, "Fungueni kitabu, nakilini maswali, pigeni mstari, kisha mjibu la tatu," mtoto huyu huenda akabaki na kitabu kilichofunguliwa tu. Picha humsaidia kwa sababu hubaki mezani baada ya sauti ya mwalimu kupita; agizo fupi lililoandikwa ubaoni hufanya kazi hiyohiyo, na ukurasa uliosheheni rangi na mapambo unaweza kumvuruga zaidi.