Anuwai ya vinasaba: mzinga mmoja, baba wengi

Funua mzinga wa nyuki huko Pemba, tuseme kandokando ya msitu wa Ngezi, utulie bila ya kupuliza moshi mwingi. Nyuki wa mzinga ule ule hawafanani rangi. Huyu ana mikanda ya manjano tumboni, mwenzake amekaza weusi. Mama yao mmoja. Baba zao ndio mbalimbali.

Kinasaba ni kipande cha maelekezo ya urithi anachopokea mtoto kwa mzazi. Anuwai ya vinasaba ni wingi wa sura tofauti za maelekezo hayo ndani ya kundi la viumbe. Wingi wa vichwa ni jambo jingine. Mizinga mia iliyotokana na malkia mmoja ni ukoo mmoja uliohamia nyumba nyingi.

Malkia hupandwa ujanani tu, tena angani, na madume kumi hadi ishirini hivi, kisha mbegu zile huzitumia umri wake wote. Yai lililorutubishwa kwa kawaida huwa jike, lisilorutubishwa huwa dume. Ndiyo maana nyuki dume hana baba, ingawa babu anaye.

Nimesema kwa kawaida, kwa sababu kuna kinasaba kimoja chenye sura nyingi kinachoamua jinsia. Yai likipata sura mbili tofauti, moja ya mama na moja ya baba, hutoka jike. Zikifanana, hutoka dume mwenye kasoro, na vibarua, yaani nyuki majike wa kazi, humla angali funza mchanga. Malkia akipandwa na dume mwenye sura kama mojawapo ya zake, nusu ya watoto wa dume huyo hupotea hivyo. Inua sega la watoto uliangalie: vijumba vilivyofunikwa vimeachana, katikati mapengo, kama kinywa cha mtoto anayeng'oka meno. Mfugaji hudhani ni maradhi, na mara nyingine ni maradhi kweli. Lakini pahala penye koo chache, udugu nao ni wa kushukiwa.

Faida ya baba wengi huonekana jua la Kaskazi likiwaka. Watoto wa nyuki wanataka joto la nyuzi 34 au 35 hivi, na vibarua hupepea kwa mbawa ili lisizidi. Watoto wa baba huyu huanza kupepea mapema, wa baba yule hungoja joto lipande zaidi. Wangekuwa wote tabia moja, wangeanza pamoja na kuacha pamoja, na mzinga ungekuwa mara tanuri, mara baridi.

Sasa tuje visiwani. Nyuki wa mwambao wa Afrika Mashariki wataalamu humwita Apis mellifera litorea, jina alilopewa mwaka 1961. Unguja iliwahi kuungana na bara zama za barafu, bahari ilipokuwa chini. Pemba imetengwa na mkondo wenye kina cha mamia ya mita, upana kama kilomita 50, na malkia anayekwenda kupandwa haendi mbali hivyo. Madume atakaowapata ni wa kisiwani: wa mizinga ya watu, na wa makundi ya mwituni kwenye mapango ya mawe na vigogo vyenye uwazi. Kwa hiyo anayechoma kundi la mwituni kwa mwenge ili arine asali mara moja anapunguza baba wa mizinga ya jirani yake.

Kuleta nyuki kutoka mbali ili kuongeza damu si dawa ya haraka kama inavyodhaniwa. Afrika Kusini, mwaka 1990, wafugaji walihamisha nyuki wa Rasi, jamii ya nyuki wa kusini mwa nchi hiyo, kwenda kaskazini. Vibarua wake, ambao kinyume na kawaida niliyoitaja hutaga mayai yasiyorutubishwa yakatoka majike, wakavamia mizinga ya wenyeji na kuiangamiza kwa wingi. Na nyuki mgeni huja na wadudu wake. Utitiri wa Varroa umeshaonekana Kenya na Tanzania bara.

Mimi ningeshauri jambo la bei nafuu: badala ya kugawa mzinga ule ule kila mwaka, paka nta mizinga mitupu na uitundike mbalimbali, huu kwenye mikoko, huu shamba la minazi, huu ukingoni mwa msitu, makundi yanayohama yaingie yenyewe. Ukirina, acha sega lenye watoto. Na vile vijumba vikubwa vya madume ambavyo wengi huvikata kwa kuwa havina asali, viache pia.