Sauti za video kwenye simu: dhana potofu na ukweli wake

Wengi wanaohariri video kwa simu hukata na kuunganisha klipu kwa saa nyingi, kisha hutandaza wimbo mmoja tangu mwanzo hadi mwisho na kuhesabu kazi imekwisha. Picha imehangaikiwa, sauti imepewa dakika tano. Hilo linaniuma, maana mtazamaji huvumilia picha yenye giza kidogo, lakini maneno yasiyosikika humfukuza. Na sababu zinazotolewa kuitetea hali hiyo nyingi hazina msingi.

“Muziki ukiwepo, sauti imekamilika”

Muziki ni tabaka moja tu. Yako maneno, iko sauti ya mahali kama upepo, feni au mvumo wa barabara, na iko milio ya matendo: hatua, kitasa, kikombe kikiwekwa mezani. Programu za kuhariri kama CapCut, VN na KineMaster zote hukuruhusu kupanga sauti kadhaa chini ya picha, kila moja na kiwango chake. Zima wimbo wako kabisa, kisha itazame video. Tukio likionekana limekufa, basi wimbo ulikuwa unalifunika tu.

Tena, sauti si lazima ianze pamoja na picha yake. Acha mvua isikike nusu sekunde kabla haijaonekana, na mkato uliokuwa unamgutusha mtazamaji utapita bila yeye kuutambua.

“Mlio wa kweli ni ule ulionaswa na kamera”

Filamu zilipoanza kutoa sauti mwishoni mwa miaka ya 1920, Jack Foley wa studio za Universal nchini Marekani alikuwa akiitazama picha kwenye skrini na kuitengenezea milio papo hapo. Sanaa hiyo hadi leo inaitwa foley. Mafundi wake hupata hatua za mtu anayetembea thelujini kwa kubinya mfuko wa wanga wa mahindi, na mabawa ya ndege kwa kupigapiga glavu za ngozi. Sikio halidai ushahidi wa mlio umetoka wapi. Linadai uafikiane na kile jicho linachokiona.

Simu yako inatosha kabisa kwa kazi hii. Fungua programu ya kurekodi sauti, ingia chumba chenye godoro, mapazia au nguo nyingi zinazonyonya mwangwi, kisha isogeze simu karibu na kitu chenyewe. Ukipunguza umbali kwa nusu, mlio huongezeka kwa desibeli (kipimo cha ukubwa wa sauti) 6 hivi, ilhali kelele za chumba hubaki palepale. Rekodi kila tendo mara kadhaa. Hatua moja ikinakiliwa mara kumi, hata mtoto atajua ni ya bandia.

“Bandika mlio pale tendo linapoanza, inatosha”

Hapa ndipo video nyingi zinapoharibika. Faili la mlio mara nyingi huanza na kimya kifupi, au na mkwaruzo mdogo kabla ya kishindo chenyewe. Kinachotakiwa kukutana na picha ni kilele cha wimbi la sauti, na kikae kwenye fremu, yaani picha moja kati ya nyingi zinazounda video, ambayo mguu unagusa ardhi. Kwa hiyo kuza taimlaini, ule ukanda ambapo klipu na sauti hupangwa, mpaka uyaone mawimbi, kisha usogeze kidogo kidogo. Katika video ya fremu 25 kwa sekunde, fremu moja ni milisekunde 40. Katika ya fremu 30 ni kama 33.

Je, kosa dogo kiasi hicho linaonekana? Pendekezo BT.1359 la shirika la kimataifa la mawasiliano, ITU, linaeleza kuwa watu huanza kugundua kasoro sauti ikiitangulia picha kwa milisekunde 45 hivi, lakini ikichelewa hawaigundui mpaka ifike kama 125. Tofauti hiyo inaelezeka. Nuru hufika karibu papo hapo, sauti husafiri mita 340 hivi kwa sekunde, kwa hiyo anayepasua kuni mita 34 kutoka tulipo tunamsikia sehemu ya kumi ya sekunde baada ya kumwona. Tangu utotoni tumezoea sauti inayochelewa. Inayotangulia tukio lake hatujapata kuisikia. Ukisita kati ya fremu mbili, chagua ile inayofuata.

Ndiyo maana hedifoni za bluetooth hazifai kupangia milio. Huchelewesha sauti, mara nyingi kwa zaidi ya milisekunde 100, na programu ya kuhariri isipofidia ucheleweshaji huo, utauvuta kila mlio uje mapema kuliko inavyopasa huku ukiamini umepatia. Tumia zenye waya.

“Ikiwa kubwa, itasikika”

Sauti ya kidijitali ina dari, nayo ni desibeli sifuri. Ikigonga hapo, kichwa cha wimbi hukatwa na mkwaruzo hubaki hata ukiishusha baadaye. YouTube nayo huzipunguza video zinazozidi kiwango chake cha takriban -14 kwa LUFS, kipimo cha ukubwa wa sauti jinsi sikio linavyousikia, kwa hiyo aliyeongeza sauti kupita kiasi hapati faida yoyote. Maneno husikika kwa kupewa nafasi: shusha muziki mtu anapoanza kusema, uupandishe anaponyamaza. Mimi huanza na tofauti ya desibeli 15, kisha masikio huamua.

Kishindo kizito pia hudanganya. Spika ndogo ya simu haitoi kitu cha maana kwenye Hz 50 (mitetemo 50 kwa sekunde, yaani sauti nzito sana), kwa hiyo mtetemo ulioupenda kwenye hedifoni unaweza kutoweka kabisa kwa mtazamaji. Uchanganye na mlio wa kati, kama mbao zikigongana, ndipo usikike kote. Kabla ya kupakia, sikiliza mara moja kwa hedifoni na mara moja kwa spika ya simu.

“Wimbo chini ya sekunde 15 hauna hakimiliki”

Hakuna ruhusa ya namna hiyo inayopimwa kwa sekunde. Content ID, mfumo wa YouTube wa kutafuta kazi zenye hakimiliki uliopo tangu 2007, unaweza kutambua hata kipande kifupi. Milio iko tele Freesound, hifadhi iliyoanzishwa mwaka 2005 na chuo kikuu cha Pompeu Fabra cha Barcelona, ila soma leseni ya kila faili: CC0 haina masharti, BY inataka umtaje mwenye faili, NC inakataza biashara. Sauti zilizomo ndani ya programu ya kuhariri nazo huenda haziruhusiwi nje ya mtandao fulani.

“Kelele zitaondolewa baadaye”

Zana za kuondoa kelele zimekuwa nzuri, lakini zikilazimishwa hula na sauti ya msemaji, akabaki kama anaongea kutoka ndani ya bomba. Feni inayozimika ni bora kuzimwa. Isiyozimika, nyamazeni nyote mahali hapo na urekodi sekunde 30 za sauti yake. Kipande hicho utakitandaza chini ya maneno palipokatwa, kwa sababu penye kimya kitupu katikati ya mazungumzo mtazamaji hudhani simu yake imeharibika.