Kabla bakteria hawajafika: samaki anavyojila mwenyewe

Kibua akilazwa juani pale soko la Deep Sea, Tanga, tumbo linapasuka na nyama inalegea. Watu husema ameoza. Mwanzoni bado, anajila. Vimeng'enya vyake vya kukata protini vimetoka vyumbani mwao.

Seli hai hukata protini usiku na mchana, ila kisu hakiachwi wazi. Kwenye saitoplazimu, yaani ute wa seli, na kwenye kiini, kisu kiko ndani ya protiasomu, pipa la pete nne, kila pete vipande saba, makali yote yameelekea ndani. Mlango ni mwembamba, kiasi cha nanomita 1.3, kwa hiyo protini iliyokunjwa haipiti. Kwanza hutiwa alama, mnyororo wa yubikwitini, mara nyingi nne au zaidi, kila moja ikiwa na asidi amino 76. Kisha kifuniko cha pipa huikunjua kwa nguvu ya ATP, kemikali inayobeba nishati ya seli, na kuisukuma ndani. Kwa kugundua jinsi alama hiyo inavyopeleka protini kukatwa, Ciechanover, Hershko na Rose walipata Nobeli ya kemia mwaka 2004.

Mitokondria, mitambo ya nishati ya seli, zina vikataji vyake, kama kimeng'enya kiitwacho Lon. Laisosomu, kifuko cha kusagia taka ndani ya seli, hulindwa na utando na asidi: pampu zinazotumia ATP hushusha pH yake (namba ikiwa ndogo, asidi ni kali) hadi 4.5 au 5, ilhali nje ni kama 7.2. Katepsini, kisu cha laisosomu, ikivuja kidogo, pH hiyo ya nje huidhoofisha na sistatini, protini ya kuizuia, huikamata.

Sasa samaki amekufa, ATP imekwisha. Protiasomu haiwezi tena kukunjua kitu. Pampu za kalsiamu zinasimama, kalsiamu inafurika, na kalpaini, kikataji kinachoamshwa na kalsiamu, inaanza kukata nyuzi za misuli. Asidi laktiki inashusha pH ya nyama hadi 6 na ushee, utando wa laisosomu unachanika, na katepsini L inamwagikia mahali ambapo bado inafanya kazi vizuri. Kile chenye ulinzi mkali kimezimika, kile hatari kimefunguliwa.

Kibua aliyeshiba huharibika upesi zaidi, kwani utumbo umejaa vimeng'enya vya kusagia chakula. Mtumbue mapema, osha damu na mabaki yote, umzike kwenye barafu iliyopondwa, kilo kwa kilo, hata zaidi siku za joto kali. Barafu haiviui vimeng'enya, huvipunguza kasi tu.

Na friza ya nyumbani iliyojazwa kupita kiasi mimi siipendi: samaki akiganda polepole, vipande vikubwa vya barafu hutoboa laisosomu zile zile, na akiyeyuka anatoka maji na kulegea.