Vyuma vinavyoisha vyenyewe mwilini: kazi ya punje za kauri

Mtu akivunjika mguu akawekewa vyuma, habari haiishi siku anayotoka wodini. Wengi hurudi mwaka mmoja au miwili baadaye: kovu lile lile linapasuliwa, skrubu zinatolewa, kidonda kinaanza upya. Mdogo wangu alipitia hayo, na hiyo mara ya pili ilimtia hofu kuliko ajali yenyewe. Mimi fani yangu ni metali, na miaka yangu kadhaa imeishia kwenye metali moja inayoweza kumwondolea mgonjwa safari hiyo ya kurudi. Metali hiyo ni magnesiamu.

Mwili unaifahamu. Mtu mzima ana takriban gramu 25 za magnesiamu, zaidi ya nusu zikiwa mifupani. Halafu haikakamai kupita kiasi. Ukakamavu wake, kwa kipimo cha gigapaskali (namba ikiwa kubwa, kitu ni kigumu zaidi kupindika), ni kama 45, wakati ule wa mfupa mgumu ni kati ya 10 na 30. Aloi (mchanganyiko wa metali) ya titaniamu inayotumika sana hospitalini inafika 110, na chuma cha pua karibu 200. Bamba likiwa kakamavu mno hubeba mzigo wote peke yake, na mfupa ulio chini yake, kwa kukosa kazi, hukonda.

Tatizo ni maji ya chumvi, na sisi ndani tumejaa maji ya chumvi. Magnesiamu ikigusana na maji hutoa gesi ya haidrojeni na kujivika utando wa hidroksidi. Utando huo ungeilinda, lakini kloridi, sehemu ya chumvi iliyomo kwenye damu, huuyeyusha. Gramu moja ikiliwa yote hutoa karibu lita nzima ya gesi.

Daktari Albin Lambotte wa Ubelgiji aliyaona haya mwaka 1907. Alifunga mguu uliovunjika kwa bamba la magnesiamu, akalishikiza kwa misumari ya chuma iliyopakwa dhahabu. Baada ya siku 8 bamba lilikuwa limesambaratika na gesi imejaa chini ya ngozi. Bila kukusudia alikuwa ametengeneza betri: metali mbili tofauti zinazogusana ndani ya maji ya chumvi, ile dhaifu ikaliwa haraka kwa ajili ya mwenzake. Kisa hiki nakirudia kwa kila mwanafunzi anayeingia maabara yetu, maana hata chembe za chuma zilizojificha ndani ya magnesiamu isiyosafishwa vizuri hufanya kazi ile ile ya misumari ya Lambotte, kwa udogo.

Hapo ndipo kauri inapoingia, yaani vitu vya jamii ya vigae na vikombe vya udongo. Tunayoitumia zaidi ni hidroksiapatiti, madini ya kalsiamu na fosfati ambayo ni ndugu wa yale yanayojenga mfupa wenyewe. Kauri hii haipitishi umeme, kwa hiyo haiwi mshirika wa betri. Tena kalsiamu na fosfati zilizomo kwenye maji ya mwili hupenda kutua juu yake, na utando unaojengeka hapo huwa mzito kuliko ule wa hidroksidi pekee. Mwaka 2007 Frank Witte na wenzake walichapisha kazi juu ya aloi ya magnesiamu iliyochanganywa na asilimia 20 ya hidroksiapatiti, na wengi wetu tulianzia hapo.

Ila asilimia 20 ni nyingi, na hapa nasema maoni yangu. Kadiri unavyoongeza kauri, ndivyo kipande kinavyokuwa chepesi kuvunjika, na ndivyo punje zinavyoshikamana. Ukiyeyusha magnesiamu na kumwaga poda ndani yake, kauri huzama, kwa sababu uzito wake kwa ujazo ule ule ni karibu mara mbili ya metali iliyoyeyuka. Usipokoroga ipasavyo unapata kitu kama uji wenye madonge. Nimeyaangalia madonge hayo kwa hadubini: katikati yake pana mianya mikavu ambayo metali haikuifikia. Kipande kikiingia majini, maji hupenya humo, na kuliwa kunaanzia ndani, usikokuona. Kauri uliyoiweka iwe mlinzi inageuka mlango.

Kwa hiyo tunasaga poda zote mbili pamoja ndani ya agoni, gesi isiyochochea moto, tunazikandamiza, tunazichoma bila kuziyeyusha, kisha tunazisukuma zipite kwenye tundu jembamba ili madonge yavunjike. Poda ya magnesiamu haina mchezo. Ikishika moto, usimwagie maji, huongezeka. Ndoo ya mchanga mkavu hukaa mlangoni kwetu siku zote.

Kisha ni kungoja. Kipande cha ukubwa wa sarafu kinalazwa kwenye maji yenye chumvi kama za damu, nyuzi 37, juu yake funeli iliyopinduliwa na bureti, mrija wa kioo wenye alama unaopima gesi iliyotoka. Cha magnesiamu tupu huchemka viputo tangu mwanzo. Kilichochanganywa vizuri hutoa kiputo kimoja kimoja, kinachong'ang'ania ukingoni kabla ya kuachia. Hesabu ninayoitafuta ni ya wiki 12 hivi, muda ambao mvunjiko mwingi huhitaji ili ushike.

Skrubu za aloi ya magnesiamu zisizo na kauri tayari zinatumika. MAGNEZIX ya Ujerumani iliruhusiwa Ulaya mwaka 2013. Zetu zenye kauri bado ziko kwenye maji ya maabara, na kila asubuhi kitu cha kwanza ninachosoma ni bureti.