Stika ya Mwaka Juzi na Vipimo vya Angani

Msimu wa korosho unakaribia, na katika kampeni ya uhakiki wa mizani huku Tandahimba na Newala tunakutana na utetezi uleule: "Mzani huu una stika ya mwaka juzi." Ndugu wananchi, stika ya mwaka juzi ni ya mwaka juzi. Sheria ya Vipimo, Sura ya 340, inataka mzani wa biashara uhakikiwe kila mwaka kwa mawe yanayojulikana uzito wake, kisha uwekewe alama. Kuutumia bila hivyo ni kosa, na adhabu ni faini, kifungo au vyote viwili.

Karani mmoja wa AMCOS, chama cha msingi cha ushirika cha wakulima, akatuuliza, kwa kejeli kidogo: mbona vipimo vya kwenye setilaiti havishushwi kuhakikiwa?

Vinahakikiwa hukohuko. Kitambuzi cha chembe za mionzi hufanyiwa ugezi (kulinganishwa na kipimo kinachojulikana) maabara kabla ya kurushwa, lakini mtikisiko wa roketi, joto na baridi za kila mzunguko, na chembe zenyewe, hukichosha. Vitambuzi vya protoni kwenye setilaiti za NOAA, idara ya bahari na hali ya hewa ya Marekani, vilibainika kusoma pungufu baada ya miaka michache, vilipolinganishwa na vya setilaiti mpya.

Jiwe la mizani la huko ni miale ya kosmiki, yaani chembe zenye nishati kubwa, nyingi zikiwa protoni, zinazotoka mbali angani. Protoni yenye kasi inayokaribia ya mwanga, ikipenya bamba la silikoni la kitambuzi lenye unene wa maikromita 300, mara nyingi huacha nishati ya takriban kiloelektronivolti 80 (kizio cha nishati ya chembe). Ikipita kimshazari njia hurefuka na nishati huongezeka, hivyo pembe hukokotolewa kwanza. Nishati za protoni nyingi hupangwa kwenye grafu. Kilele kikihama, kipimo kimehama. Wahandisi pia hupitisha mipigo ya umeme ya kujaribia, ila hiyo hukagua saketi tu, si silikoni.

Wanaosema haya ni ya Wazungu wakumbuke Uhuru, setilaiti ya kwanza ya kuchunguza eksirei za angani pekee, iliyorushwa tarehe 12 Desemba 1970 kutoka jukwaa la San Marco, baharini karibu na Malindi.

Kasoro ikigundulika, namba ghafi haziguswi. Kinachobadilishwa ni jedwali la kugeuza ishara kuwa nishati; kila toleo huandikwa tarehe linapoanza kutumika, na takwimu za nyuma huchakatwa upya kwa jedwali la kipindi chake. Huko si kuchakachua.