Sifuri ya programu si sifuri

"Bosi, hii sijaigusa. Ndivyo kamera ilivyoona."

Mwezi huu nimeambiwa hivyo mara tatu. Ya mwisho ilikuwa Jumatatu, kutoka kwa kijana ninayepiga naye picha za kwanjula, sherehe ya Waganda ya kumtambulisha bwana harusi kwa familia ya bibi harusi, hapa Kampala. Alikuwa amefungua faili ghafi (RAW, data ya kamera kabla haijapikwa kuwa picha) kwenye Lightroom, programu ya Adobe ya kuhariri picha, vidhibiti vyote vya mwanga na rangi viko sifuri, na gomesi, vazi refu la Kiganda, ya hariri ya bibi harusi imegeuka bapa moja jekundu, haina mkunjo wala kivuli, utadhani karatasi ya manila. Akailaumu lenzi, akaanza kuulizia bei ya nyingine. Hapo nikamwambia akae chini.

Kamera haikuona gomesi nyekundu. Sensa haioni rangi, inapima kiasi cha mwanga. Kila pikseli imevaa chujio la rangi moja: katika kila nne, mbili ni za kijani, moja nyekundu, moja bluu, mpango ambao Bryce Bayer wa Kodak aliupatia hataza mwaka 1976. Rangi mbili zinazokosekana kwenye kila pikseli hukisiwa na programu kutoka kwa majirani. Hilo limepita, sina ugomvi nalo.

Ugomvi wangu ni neno "sijaigusa". Faili ghafi ukilionyesha jinsi lilivyo, bila kulifanyia lolote, utaona picha ya giza yenye ukijani, na hakuna mteja atakayeilipia. Ni giza kwa sababu sensa huhesabu mwanga kwa mstari ulionyooka: mwanga ukiongezeka mara mbili, namba nayo inaongezeka mara mbili. Kwenye faili la biti 14 una ngazi 16,384, na nusu yake, 8,192, inaishia kwenye stopu moja tu (yaani hatua moja ya mwanga kuongezeka mara mbili), ile yenye mwanga mkali kuliko zote. Vivuli vinagawana makombo. Macho yetu hayafanyi kazi hivyo, kwa hiyo lazima mtu aupinde ule mstari. Usipoupinda wewe, ameshakupindia mtengenezaji wa programu.

Basi Lightroom inapokuonyesha sifuri, tayari imeweka profaili ya Adobe Color (ndiyo ya kawaida tangu 2018), yenye kontrasti yake na rangi zilizokolezwa kidogo. Kunoa kuko 40. Kupunguza chengachenga za rangi kuko 25. Tena kuna nyongeza ya mwanga inayotegemea aina ya kamera yako, ambayo hutaiona kwenye kidhibiti chochote. Hiyo sifuri ni mahali walipoamua wao uanzie. Fungua faili hilohilo kwenye programu nyingine, darktable, nayo huanza kwa kuongeza mwanga kwa 0.7 EV (stopu 0.7) kisha inaupinda kwa njia yake. RawTherapee, programu ya tatu, huchungulia ile JPEG, picha iliyokwisha kutengenezwa na kamera, iliyofichwa ndani ya faili na kujaribu kufanana nayo. Faili moja, picha tatu, na hakuna uliyoigusa.

Na kile kioo cha nyuma ya kamera unachoapa kwacho? Hicho kinakuonyesha JPEG hiyohiyo iliyofichwa, iliyopikwa na kamera yenyewe. Hata histogramu, ule mchoro wa mgawanyo wa mwanga, imechorwa kutokana nayo. Nimeona watu wakipunguza mwanga uwanjani kwa kuogopa nyekundu iliyogonga ukuta kwenye histogramu, kumbe kwenye faili ghafi nafasi bado ipo.

Turudi kwa gomesi. Nilianza kwa kubadilisha kitu kimoja tu: profaili, kutoka Adobe Color kwenda Adobe Neutral. Mikunjo ikarudi kiunoni, chini ya mkanda, na ncha za mabega zikapata kivuli. Nikashusha ukolezi wa nyekundu kidogo, na hata uzi wa dhahabu kwenye pindo ukaonekana. Lenzi ilikuwa imeleta kila kitu.

Kinachoninyima usingizi ni ngozi. Shangazi wa bibi harusi alikaa chini ya hema la turubai ya bluu, nyasi zikimrushia kijani kidevuni. Kwa profaili moja uso wake una joto la kahawia, kwa nyingine umeingia ukijivu. Upi ndio wake? Nilisimama hatua tatu kutoka kwake na siwezi kuapa, kwa kuwa macho yangu yalikwishalizoea lile hema. Nilichagua kahawia, na nilichagua mimi, si kamera.

Ndiyo maana mteja akiniomba "zile ambazo hujazigusa", namwuliza kwanza: zisizoguswa na nani? Mara nyingi anachotaka ni picha ambayo sijalainisha uso. Hiyo nampa, kwa moyo mmoja.

Kijana bado ana lenzi yake. Jumamosi tuna kwanjula nyingine Mukono, na ameshaweka Neutral kama mwanzo wa kila picha anayoingiza.